Nilitafuta Ziwa la Uvira Huko Texas

Jina la Bwana litukuzwe, wapendwa! Amina ya walioamka na baridi hii iko wapi? Amina!

Ndugu zangu, nimewasikia mkinong'ona nilipoingia. Ndugu wa mlangoni aliona blanketi hili kwapani mwangu akacheka, "Eish, Baba Neema, unahama tena?" Sikukasirika. Kanisa hili limeniaga mara mbili, mara ya Durban na mara ya Cape Town. Akina mama walipika, kwaya ikaimba, na mara zote mbili mkaniona nimerudi na cherehani yangu. Habari ya blanketi nitaifikia. Kwanza mpigieni Bwana makofi!

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa nguo, nashona hapa Yeoville. Nilizaliwa Uvira, kwenye ule ukanda mwembamba kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kwa mama yangu ukifungua mlango wa mbele unaona maji, ukifungua wa nyuma unaona mlima. Vita vilinitoa huko nikiwa nimemaliza tu sekondari, na tangu hapo roho ya kuhama ikanikalia. Nilikaa Joubert Park, hapahapa jijini, nikasema pana kelele. Nikakaa Troyeville, nikasema pamepooza. Kila mji niliupima kwa Uvira, na kila mji ulipungua. Begi langu lilikaa nyuma ya mlango limejaa nguo. Mke wangu, Mama Neema, akitaka kunipigia shati pasi, alilitoa humo na kulirudisha humo.

Nilijiita Ibrahimu. Siku moja mke wangu alinijibu huku anasonga fufu, "Ibrahimu aliitwa. Wewe amekuita nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi, ukafunguka mlango wa Amerika. Kesi yetu ya ukimbizi, ambayo tulishakata tamaa nayo, ikapita. Afisa wa safari akapiga simu: mtapelekwa jimbo la Texas, chagueni mji, mnipe jibu Jumatatu. Ndugu zangu, kwa mtu mwenye roho kama yangu hilo lilikuwa jaribu! Jimbo zima limewekwa mbele yangu kama vitambaa sokoni.

Nikaanza kuwapigia simu za video watu wetu walioko huko. Houston, Dallas, San Antonio. Walinionyesha friji, gari, zulia. Mimi nikawaambia, "Geuza simu, nione nje." Wakigeuza, ni tambarare! Barabara, maduka, anga. Rafiki yangu Bahati wa Houston akachoka nami. "Kaka," akasema, "unatafuta mji wa kuishi au picha ya kutundika ukutani?"

Kisha nikaona picha za Austin. Vilima! Maji katikati, na mitumbwi juu yake! Moyo uliniruka. Nikamwambia Mama Neema tumepata mji.

"Tunamjua nani hapo?" akauliza.

"Tutawajua tukifika."

Akakunja nguo za watoto mpaka zikaisha. Ndipo akasema, "Nilikufuata Durban. Nilikufuata Cape Town. Huko, Baba Neema, sikufuati. Nitabaki hapa na watoto."

Hakupaza sauti. Ndiyo maana niliogopa. Lakini ile roho haikuniachia. Nilijisemea atabadilika, nikashikilia Austin yangu.

Ijumaa ile, kabla ya Jumatatu ya jibu, simu ikalia kutoka Uvira. Mama yangu amefariki. Kwenda kumzika haikuwezekana, maana karatasi za ukimbizi haziniruhusu kurudi nilikokimbia. Nilikaa kitandani nikilitazama begi. Miaka yote lilikuwa tayari, na safari moja niliyoitaka kwa moyo wote ilikuwa imefungwa.

Ndipo mkaja nyinyi. Mnajua desturi yetu: mfiwa halali peke yake. Tulitoa kitanda tukakiweka kwenye korido, mkalala chini, vichwa huku, miguu kule. Akina mama walileta sombe, kisamvu chetu, na masufuria ya chai. Papa Zawadi, kinyozi wetu, alikoroma mpaka waombolezaji wakaanza kucheka. Akafumbua jicho moja. "Mnacheka nini? Mimi nalia kwa pua."

Asubuhi, kwenye chai, huyohuyo akaniuliza, "Baba Neema, hilo ziwa la Austin, ukifiwa, litakuja kulala kwako?"

Watu wakacheka tena. Mimi nikaweka kikombe chini.

Mama Neema akachukua simu, akampigia Furaha, binti wa jirani yetu wa zamani Uvira. Furaha anakaa Abilene, mji mdogo wa Texas. Mimi nilikuwa nimeshaukataa kwa sababu aliponigeuzia simu niliona nyasi kavu na upepo tu. Mke wangu hakumwambia ageuze simu. Alimwuliza swali moja: "Yaya, dada yangu, mtu akifiwa huko kwenu, watu wanalala?"

"Wanalala!" Furaha akasema. "Alipofiwa Mama Riziki tulilala mpaka mwenye nyumba akalalamika kwamba magari yamejaa. Tukahamia ukumbi wa kanisa na magodoro yetu. Wa shifti ya usiku wanalala mchana, wa mchana wanalala usiku. Mfiwa habaki peke yake."

Mama Neema alinitazama.

Hapo, ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipokata kamba! Nilimwambia mchungaji, "Niombee, niko tayari kuachiliwa." Nimewaona wengi wakianguka wakiombewa. Mimi sikuanguka. Nilitulia tu, kama mtu aliyetuliwa mzigo, nikalala usingizi mchana kweupe katikati ya miguu yenu. Nilipoamka, Uvira ilikuwa bado ndani yangu, nzuri vilevile, ila haikunivuta tena. Utukufu kwa Mungu!

Jumatatu nilimwambia afisa: Abilene. Akashangaa, maana nilishamwuliza sana habari za Austin. "Una uhakika?" Mama Neema akajibu kabla yangu, "Tuna uhakika. Tunakwenda wote."

Tarehe haijatoka. Huenda itatoka karibuni, huenda mlango utafungwa tena. Sote tunasikia habari za Amerika. Zamani ningekuwa nimeshakonda. Leo nakula na kulala. Lile begi nililifumua, nikashona kifuniko cha cherehani. Pita kibandani kwangu ukione. Mashati yangu sasa yako kabatini, na Mama Neema anasema hajazoea.

Namshukuru Mungu, nawashukuru nyinyi mlionilalia chini siku zile.

Sasa, blanketi. Jana Mama Esther wa Troyeville alipata habari kwamba kaka yake amefariki Bukavu, na yeye pia hawezi kwenda kuzika. Tukitoka hapa mimi nakwenda kulala kwake. Ndugu yangu mwenye begi nyuma ya mlango, unayetafuta mji kwenye simu, sikukatazi kusafiri. Mwamini Bwana, aliyenituliza mimi atakutuliza na wewe. Ila leo anza na Troyeville. Papa Zawadi anakuja pia, kwa hiyo usitegemee ukimya. Nafasi ipo. Njoo na blanketi lako, sakafu yake ni ya saruji.