Feliciana Tweve na Waume wa Kuazima

Mchungaji, mwenyekiti wa kitongoji, ndugu waombolezaji, naapa mbele ya jeneza hili, tena naapa kwa sauti ili na wale walioko kule kwenye masufuria wasikie, kila neno nitakalosema ni kweli tupu, nikidanganya hata moja ardhi hii ya Iwawa inimeze kabla ya marehemu. Mimi ni Rabson Tweve, kaka yake mkubwa, mpakiaji wa mbao Makambako, na Makambako nzima hakuna anayenifikia kwa kubeba. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo sina karatasi, yote nimeyashika kichwani, na kichwa hiki hakijawahi kupoteza kitu.

Dada yetu Feliciana alizaliwa tarehe 14 Juni 1984 hapa hapa Iwawa, mtoto wa nne wa mzee Hilary na mama Beatrisi, siku ambayo baridi yake haijarudi tena duniani, maziwa yaliganda ndani ya ng'ombe, viazi vya Makete yote vikaungua na sakitu, na yeye akatoka analia kwa sauti ya mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akaenda sekondari ya bweni Njombe mwaka 1999, baadaye chuo Iringa, akamaliza maendeleo ya jamii mwaka 2008, na ada yake niliibeba mimi kwa mgongo huu, niulizeni miti iliyokuwa inaota kati ya hapa na Makambako imekwenda wapi.

Mwaka 2009 aliajiriwa Njombe, na kuanzia 2015 akahamia Makambako akawa anajitegemea, kazi yake ni kuzishauri shule na mashirika ili msichana na mvulana, mzima na mlemavu, mwenye mume na asiye naye, wapate nafasi sawa na matibabu sawa. Akifika shule, mkuu akimkaribisha ofisini kwa chai, yeye anasema chai baadaye, kwanza nionyeshe choo cha wasichana, anaingia, anajifungia, akikuta hakuna komeo kwa ndani hiyo chai hainywi. Wakuu wa shule walikuwa wakisikia yuko njiani wanakimbilia kwa fundi.

Mwaka 2019 shirika moja lilimuomba ushauri, wanaume hawaendi kliniki na wake zao wajawazito, tufanyeje, akasema anayekuja na mwenzake ahudumiwe kwanza, wanaume watavutika. Lilikuwa wazo zuri. Ila kwenye meza ya mkutano ilisemwa mwenye mwenzake atangulie, ilipofika dirishani kwenye zahanati moja ya Makambako, jina naliacha, ikawa asiye na mume arudi kwao. Na Makambako mnaijua, ni mji wa malori, mwanamke anapika chakula stendi au anafagia gesti, mwanaume wake yuko Tunduma, au yuko Zambia, au hayuko kabisa.

Basi wanawake wakaanza kuazima waume. Na mtu mwenye sura ya mume Makambako ni nani kama siyo mimi, nimesimama na nusu ya wajawazito wa mji ule, nimetobolewa vidole kupimwa damu hadi vikawa kama chujio la chai, na malipo yangu ni sahani ya ugali na maharage tu, mke wangu Modesta yuko pale, ndiye aliyekuwa akinipigia pasi shati.

Tarehe 9 Machi 2021 niliingia pale na Zuena, mama lishe wa stendi, nimemshika mkono kabisa, kumbe Feliciana amekaa kwenye benchi na wageni wa shirika. Nesi akanisifu mbele yao, akasema huyu baba ni mfano, kila wiki haachi kuja. Dada akanitazama kuanzia kiatu hadi kofia, akasema, "Kaka Rabson, hongera. Huyu ni wifi yangu wa ngapi?"

Benchi zima lilicheka, yeye hakucheka. Alinitoa nje, akaniuliza mpaka jua likazama, nani anaazima, nani anakosa wa kuazima, na anayekosa anakwenda wapi, nikamwambia anajifungulia chumbani kwake. Tangu siku ile alizunguka ofisi hadi ofisi akisema ushauri wangu umeharibika njiani, urekebisheni, wengine wakarekebisha, zahanati ile ikampigia makofi na kuendelea vilevile.

Kuhusu ndoa, hakuwahi kufunga, wanaume wengi walimuogopa, isipokuwa Awadhi, dereva wa lori, yuko hapa mbele anaficha uso, wazee wa pande mbili walikuwa bado wanavutana kanisa au msikiti. Mwaka jana akapata ujauzito, Desemba akaenda dirisha lile lile, nesi mgeni akamuuliza mume yuko wapi, na Awadhi lori lilikuwa limemfia Zambia. Nikamwambia piga simu kwa wakubwa, unao wote kwenye simu yako, akasema, "Na asiye na namba ya mkubwa ampigie nani?" Akarudi bila kupimwa.

Januari akajaribu tena, akarudishwa tena, nikavaa shati langu nikamwambia leo nasimama mimi. Aliniangalia, machozi yakamlenga, akasema, "Kaka, wewe umenyonya ziwa moja na mimi." Ni mwiko, mnajua wenyewe, na sura zetu zimefanana, hata nesi mgeni angejua. Mimi niliyesimama na wanawake wa watu wote, wa kwetu nilishindwa kusimama naye.

Presha yake haikupimwa na mtu. Tarehe 19 Februari 2025 alianguka kifafa cha mimba, tukamkimbiza hospitali ya Ilembula, madaktari wakamtoa mtoto mzima, wa kike, anaitwa Irine, ila mama yake alitutoka Ijumaa tarehe 21 alfajiri, akiwa na miaka arobaini.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa Ilembula, hawakukaa chini siku mbili, majirani wa Iwawa kwa kuni na viazi, walimu waliokuja kutoka Njombe, na wapakiaji wenzangu waliombeba dada yangu kwenye matope pale gari liliposhindwa. Feliciana, lala sasa, dada, ardhi ya kwetu ikupokee vizuri.

Na la mwisho, niliyosema yaishie hapa hapa, mtu asiyarudie Makambako wala kwenye basi. Yakimfikia nesi wa pale, ataanza kukagua waume, na Jumanne kuna binti wa gesti ananisubiri kwenye foleni, mimba yake ina miezi saba, hana mtu mwingine.