Maisha ya Mwalimu Matone, Aliyekataa Kugusa Picha ya Mtoto

Marehemu mama yetu, ambaye nusu ya waliosimama hapa leo hawakuwahi kumjua kwa jina jingine ila Mwalimu Matone, alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi rangi aliyeandika namba ubavuni mwa mabehewa, na mama yake alikuwa na kazi ya kumkagua fundi huyo kila jioni kabla hajakalia kiti. Wazee walisimulia kwamba neno la kwanza la marehemu halikuwa "mama" wala "baba". Lilikuwa "mbichi", kwa maana ndilo alilopigiwa kelele kila alipokaribia mlango, ukuta au baba yake mzazi.

Alianza shule ya msingi Januari 1964. Alikuwa darasa la nne shule yao ilipoingia mashindano ya kuchora, naye akachora mbuzi. Mwalimu wake, mtu mwema aliyetaka shule ishinde, alimwambia, "Hebu lete nirekebishe kidogo." Akarekebisha pembe kidogo, ndevu kidogo, na mguu mmoja akaufuta kabisa. Mbuzi akashika nafasi ya kwanza. Binti akarudi nyumbani amekumbatia sanduku la kalamu za rangi, analia kwikwi.

"Sasa unalia nini, na zawadi umepata?" mama yake akamuuliza.

"Zawadi ni ya mwalimu. Mbuzi wangu alikuwa na miguu mitano."

"Mitano! Wewe mtoto, umemwona wapi mbuzi wa miguu mitano?"

"Alikuwa anakimbia, mama."

Kalamu zile aliwagawia ndugu zake. Mwenyewe hakuzigusa, na ndugu zake hawakumbembeleza azichukue. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1979. Katika mazoezi ya kufundisha alipata alama nzuri kwa kila kitu isipokuwa usafi wa mavazi.

Januari 1980 alipangiwa shule ya msingi iliyo nyuma ya posta, na hapo ndipo alipokaa maisha yake yote ya kazi. Asubuhi alifundisha hesabu. Lakini mwaka 1984 aliomba apewe chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa kimejaa viti vilivyovunjika miguu, afungue darasa la kupaka rangi kwa watoto watakaopenda, kila Alhamisi baada ya masomo. Aliruhusiwa kwa sababu hakuna aliyekitaka chumba. Rangi ilikuwa ya unga, ya kukoroga na maji, tena haba. Alipita meza hadi meza na kijiko, akisema, "Tone moja! Hiyo si chai, usiinywe kwa macho. Tone moja, ukimaliza nakuongeza." Kabla ya mwezi kwisha alikuwa Mwalimu Matone, hata kwa mwenye duka la jirani.

Sheria zake zilikuwa chache. Brashi ioshwe kabla ya mikono. Usicheke picha ya mwenzako mpaka amekusimulia, na akishakusimulia chekeni mnavyopenda wote. Na iliyo kubwa kuliko zote: mkono wa mwalimu hauingii kwenye karatasi ya mtoto. Mtoto akikwama, mwalimu atauliza maswali hadi akwamuke au achoke kuulizwa. Watoto wake walichapa majani, walichonga mihuri ya viazi, na walitandaza rangi kwa kuipuliza kwa mrija. Kazi hiyo ya mrija ilimletea mzazi mlangoni siku iliyofuata.

"Mwalimu, mwanangu ameamka na meno ya buluu."

"Pole mama. Nilimwambia apulize, yeye akavuta. Ni rangi ya chakula, haina madhara."

"Itatoka lini?"

"Itatoka tu. Ila Alhamisi ijayo tuna nyekundu, umwambie."

Ndoa yake nayo ilitokana na kazi hiyo. Brashi zilipokatika nywele zote, alijiambia kwamba mkosa ziwa la mama hata la mbwa huamwa, akaingia kwenye duka la kinyozi lililo karibu na shule, limejaa wanaume, akasema bila salamu, "Naomba nywele."

"Za nani?" kinyozi akauliza.

"Za yeyote. Hizo zilizo sakafuni."

Mteja mmoja alivaa kofia yake akatoka nje, upande mmoja wa kichwa ukiwa haujanyolewa. Kinyozi alishusha mkasi, akamtazama mwalimu vizuri. "Dada yangu, unataka kumroga nani?"

"Nataka kuwatengenezea watoto brashi."

Nywele za binadamu zilimwangusha. Zikilowa zilijilaza kama mlevi mtaroni. Kinyozi akaona huruma, akampa brashi moja ya kupaka povu la kunyolea. Wiki iliyofuata akapeleka nyingine mwenyewe, na nyingine tena, akawa hakosi Alhamisi pale mlangoni, hadi wateja wakaanza kupakwa povu kwa kiganja. Mzee mmoja aliyekuwa na haki ya kusema alimwambia, "Mwanangu, muoe huyo mwalimu, mashavu yetu yapumzike." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986. Mungu aliwajalia binti na mwana. Kinyozi alilalamikia beseni la nyumbani, lenye madoa ya kijani ya kuoshea brashi, kwa maisha yote ya ndoa yao, wala hakuwahi kununua jingine.

Haifai kusoma maisha haya bila kutaja mwaka 1991. Mwaka huo shule ilipata mwalimu mkuu mpya, ambaye watoto walimwita Simenti kwa sababu uso wake ulikuwa umeshakauka. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka shule ifaulu mitihani, na alipokiona chumba cha mwisho wa korido aliona nafasi ya masomo ya ziada ya hesabu.

"Mwalimu," alimwambia, "rangi haijibu mtihani. Na unajua, samaki mkunje angali mbichi."

"Ni kweli, Mwalimu Mkuu. Lakini mimi sifundishi samaki."

Jibu hilo lilikuwa tamu kulitoa, na halikumsaidia kitu. Mkuu akampa hadi siku ya wazazi ya mwezi Julai. Alete kazi moja ambayo mzazi yeyote ataielewa, la sivyo chumba kinarudi. "Na uirekebishe kabla," akaongeza. "Sitaki makengeza mbele ya wageni."

Marehemu alichagua kazi ambayo kila mzazi angeitambua: uso wa mwalimu mkuu mwenyewe. Aliikata picha yake ya ofisini iwe miraba, kila mtoto akapewa mraba mmoja wa kuukuza kwenye karatasi kubwa, bila kuambiwa ni kitu gani. Yupo aliyepaka sikio wiki mbili akiamini ni ramani ya kisiwa. Aliyepewa kipara alilalamika kwamba mwenzake ana vitu vingi na yeye ana mng'ao tu. Mdomo, pamoja na masharubu yake, uliangukia kwa binti mmoja mdogo asiyeongea sana.

Asubuhi ya siku yenyewe watoto walibandika vipande ubaoni kwa gundi ya uji wa wanga, wakifuata namba na mishale iliyochorwa nyuma. Mwalimu alisogea hatua chache nyuma atazame, akashika kiuno. Sura ilikuwa ya Simenti, hakuna wa kubisha. Ila mdomo ulikuwa umebandikwa juu chini. Zile pembe mbili zilizozoea kushuka zilikuwa zimepanda hadi mashavuni, na masharubu yalikuwa yamehamia kidevuni. Mwalimu mkuu alikuwa anacheka hadi kwenye gego.

Mlinzi wa shule, aliyekuja na viti, alichungulia akaviachia viti. "Yesu wangu! Mwalimu, bandua hicho haraka, wazazi wako getini!"

Mwalimu Matone alikuwa tayari ameshika kisu cha gundi. Alimwinamia yule binti. "Mama, hiki umekibandika vizuri?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliona mshale wa nyuma?"

"Niliuona. Kwanza nilikiweka hivyo ulivyosema, kikawa kinanitazama vibaya. Nikakigeuza."

Wale waliomjua wanaweza kukadiria dakika ile ilikuwaje. Kugeuza kipande kimoja tu kungetosha. Gundi ilikuwa bado mbichi, darasa lake lote lilining'inia kwenye mraba ule, na hakuna mzazi ambaye angejua. Alisema baadaye kwamba mkono uliinuka wenyewe. Kisha alikiweka kisu mfukoni, akamwambia mlinzi, "Funika ubao. Mungu ni wetu sote."

Kitambaa kilipovutwa, ua mzima uliinua shingo. Halafu mtoto mmoja akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia mwenzake. Mwalimu mkuu alisimama. "Nani amegeuza mdomo wangu?"

Mke wake, aliyekaa mstari wa mbele na mkoba magotini, ndiye aliyejibu. "Baba, kaa chini! Huyo ndiye niliyeolewa naye. Nilikuwa najiuliza amepotelea wapi."

Mkuu aliutazama tena ule uso wake. Mabega yakaanza kutikisika, na wazazi wa mbele wakadhani analia. Alikuwa anacheka, kwa sauti nyembamba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi. Mzazi wa pili kuzungumza siku ile aliuliza kama darasa hilo linapokea watoto wapya. Chumba kilibaki. Picha nayo ilitundikwa koridoni, kwa amri ya mkuu, ila upande wa vyooni.

Marehemu alistaafu mwaka 2017, akaendelea na Alhamisi zake kwa kujitolea. Mwaka 2019 mikono ilianza kutetemeka, na daktari akaupa ugonjwa jina refu. Yeye aliwaambia watoto kwamba sasa anaweza kuchora mawimbi bila kujisumbua. Kilichomkosesha raha hasa ni kwamba kamati ya shule ilitaka kulifunga darasa pindi atakaposhindwa kusimama. Akatafuta mrithi. Aliyejitokeza alikuwa mwalimu wa michezo, kijana mwenye kifua kama kabati, ambaye hakuwahi kushika brashi ila ya viatu. Alhamisi yake ya kwanza aliona mkia wa mbwa umetokea shingoni, akaurudisha mahali pake. Mwalimu Matone alimpiga fimbo ya kutembelea kwenye vidole, mbele ya darasa zima.

"Uliza!" akamwambia. "Una mdomo wa kupulizia filimbi tu?"

Kuanzia Agosti mwaka huu hali yake ilidhoofika, akalazwa. Kinyozi wake alikuwa naye kila siku, akimchana nywele na kumpa habari za mtaa, zingine za kweli. Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, mwalimu wa michezo alifika wodini jioni, filimbi bado shingoni. Marehemu hakumsubiri hata aketi.

"Umegusa?"

"Sijagusa, mama. Ila leo nimeteseka. Kuna mtoto amemchora baba yake, shati zuri, viatu vizuri, kichwa hakuna."

"Ukafanyaje?"

"Nikaweka mikono mfukoni, nikamuuliza kichwa kiko wapi. Akasema baba akirudi nyumbani mwili unafika kwanza, kichwa bado kiko kazini."

Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Akamtaka kijana aisimulie tena kwa muuguzi, kisha akamwambia, "Basi. Darasa ni lako." Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake kinyozi, binti, mwana, mkwe wa kike na wa kiume, wajukuu watatu, na wadogo zake wawili. Ameacha pia mwalimu mkuu mstaafu, aliyekaa pale mbele na mke wake, na watu wazima wengi waliovaa nguo nyeusi leo ambao walizivaa bila kujadiliana naye. Angewauliza kwa nini.

Kamati ya shule imeomba tangazo hili lisomwe pamoja na wasifu: keshokutwa, Alhamisi, darasa lipo kama kawaida, na kila mtoto aje na shati kuukuu.

Mikono yake iliyotetemeka imetulia sasa. Mungu aipokee kwa upole, naye mwenyewe alale salama, apumzike kwa amani.