Bi Hakikisha Anaiaga Benki ya Damu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mtengeneza programu wetu mkongwe anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni. Kuanzia mapokezi hadi chumba cha majokofu tumezoea kumwita Bi Hakikisha. Barua ya kustaafu ilipomfikia, alipanda ghorofa ya juu kumuuliza afisa utumishi kama kweli ni yeye aliyeiandika.

Aliajiriwa kuwa mpiga chapa, enzi ambazo kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa kama maiti. Hakuiamini hata siku moja. Kila alichokiingiza alikichapa tena kwenye karatasi, akalinganisha jina kwa jina. Kwa kuichunguza hivyo akaijua, na mwishowe yeye ndiye aliyeijenga hifadhidata yetu ya damu pamoja na skrini zake za mbele, zile ambazo sisi wengine huzitazama na kuziandikia.

Skrini zile zilipochakaa, mkurugenzi aliamua hifadhidata ibaki ileile ila tutafute zana mpya ya kutengenezea skrini. Bi Hakikisha akapewa kamati. Muuzaji wa kwanza alikuja na suti safi na skrini safi zaidi: rangi tamu, vitufe vinavyong'aa, picha za matone ya damu yanayotabasamu. Sote tulishapenda. Bi alikunja mikono, akauliza mtandao ukikatika skrini itasema nini, na nani mwingine ameitumia zana hiyo, na mbona huyo mwingine hapokei simu.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Ikasemwa kwamba anazilinda skrini zake za zamani asije akakosa kazi. Msimamizi wa maabara, shoga yake wa miaka mingi, akaacha kumpitia wakati wa chai. Mtu akaapa amemwona akishushwa kona ya barabara na gari la muuzaji mwingine. Tulipochunguza, kumbe ni shemeji yake, fundi majokofu, ambaye hata barua pepe hana. Bado tuliendelea kumtazama kwa jicho la pembeni. Naye alijua, akaendelea kuandaa majaribio yake.

Siku ya majaribio aliweka kompyuta mbili, kila moja ikionyesha chupa ileile ya damu ya mfano, ya mwisho katika kundi lake. Msimamizi wa maabara akakaa kwenye moja, muuzaji kwenye nyingine, kila mmoja na mgonjwa wake.

"Haya, itoeni kwa pamoja," Bi akasema.

Wakabonyeza. Skrini zote mbili zikaandika kwa kijani: Imehifadhiwa. Wagonjwa wawili, chupa moja.

"Mama, hiyo hutokea kwa nadra sana," muuzaji akajitetea.

"Na huyo wa nadra ni mtoto wa nani?"

Wengi tulikonyezana: haya, skrini zake zimeshinda. Lakini Bi alizifungua skrini zake mwenyewe, akaamuru jaribio lilelile. Imehifadhiwa. Imehifadhiwa.

"Hata hizi zangu zinadanganya," akasema, akainuka kwenda kumweleza mkurugenzi.

Kuanzia siku ile damu haikutoka bila mapokezi na maabara kupigiana simu kwanza. Tulipopekua kumbukumbu za nyuma, tulikuta chupa moja iliwahi kuandikiwa watu wawili. Muuguzi aliling'amua hilo kwa macho yake kabla haijatoka jokofuni. Bi alisikia habari hiyo, akaenda kusimama peke yake kwenye ujia wa majokofu. Msimamizi wa maabara akamfuata na vikombe viwili vya chai. Hatukuambiwa walizungumza nini.

Zana tunayoitumia leo ndiyo aliyoichagua baada ya hapo. Ina rangi ya majivu na herufi nene, na hakuna aliyeisifia uzuri. Lakini mtu wa pili akijaribu kuchukua chupa ileile, inamwambia waziwazi: Imeshachukuliwa. Kabla ya kuikubali, Bi aliijaribu mpaka muuzaji wake akaomba maji ya kunywa.

Mumewe anatuambia kwamba nyumbani hali ni hiyohiyo, na kwamba amejiandaa kwa maswali. Tunampa pole na hongera kwa pamoja.

Wiki hii Bi alimkabidhi dada aliyempokea kazi neno lake la siri. Dada akalibadilisha palepale. Bi akarudi kwenye kiti, akaandika lile la zamani, akabonyeza. Mashine ikamkataa. Akajaribu tena, ikamkataa tena. Ndipo akacheka, akachukua mkoba wake.

Asante, dada yetu, kwa kutotuamini. Kuna watu wanatembea mitaani leo kwa sababu hiyo, na hawakujui. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na siha yako iwe ya kweli hata ukiihakiki mara mbili.