Flashi Isiyo na Uzi

Benchi lile liko nje ya chumba cha fundi kompyuta, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali, na wakaaji wake ni walewale: Waziri, dereva wa lori aliyestaafu ambaye hajawahi kuongoza hata kamati ya maji, na Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko hatua tatu tu lakini mteja lazima aje kumwita. Katikati yao kuna birika la kahawa, na dirishani kwa Fundi kuna kikombe kilichokatika mkono, ndani yake flashi za kijiwe, nyimbo, mpira, mahubiri, anayetaka anachukua, akimaliza anarudisha. Yenye vitu hufungwa uzi wa fundi cherehani wa mlango wa pili. Isiyo na uzi ni tupu. Mimi hayo sikuyajua, nilifika asubuhi na laptopu ya mume wangu mkononi na mwanangu mgongoni, nikasimama tu, maana nikikaa maneno hunitoka yote kwa mpigo.

Yakanitoka hata hivyo. Kwamba mtoto anakakamaa, macho yanapanda juu, dakika moja, mbili, halafu analala kama hakuna kitu, kwamba daktari wa mambo hayo huja mara moja kwa miezi mitatu na kesho ndiyo siku yake, kwamba safari iliyopita alisema hawezi kuchagua dawa kwa kusimuliwa, nimrekodi. Nikarekodi mara tatu. Simu ikajaa, nikahamishia video zote kwenye laptopu, na sasa laptopu inawaka, inazima, inawaka, inazima, na baba mtoto yuko safarini.

Fundi alinisikiliza huku akifungua skrubu. Akatoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake, na tukaziona zote tatu. Akazinakili kwenye flashi nyeusi, akaitumbukiza kikombeni isije ikapotea mezani. Kisha akasema mashine yenyewe ni nzima, mfumo ndio umeharibika, atafuta kila kitu aweke upya, kesho niende nayo hospitali inawaka vizuri.

Benchi likaamka.

— Hilo ni joto, alisema Waziri. Chuma kikizeeka kinachoka kichwa. Hata lori langu lilikuwa likifika mlimani linasahau gia ya pili.

Kinyozi akamcheka. Kwa maelezo yake, kiwandani kuna mtu ameajiriwa kazi moja tu, kubonyeza kitufe laptopu za zamani zizime ili watu wanunue mpya. Waziri akaongezea, basi mtu huyo anatusikiliza sasa hivi kupitia kitundu cha kamera, ndiyo maana yeye cha kwake amekiziba kwa plasta.

— Wewe una laptopu? aliuliza Kinyozi.

— Ya mkwe wangu.

Fundi alicheka, hata mimi nikacheka kidogo. Bado akicheka, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaomba flashi ya kuwekea mfumo. Kinyozi akachungulia kikombe, akampa moja.

— Tupu hii?

— Haina uzi.

Fundi akaifuta, akaijaza mfumo, akairudisha diski ndani ya laptopu na kuifuta nayo. Asilimia zikaanza kupanda. Hapo ndipo nilipokaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Fundi cherehani alitoka kufuata kahawa yake, futi ya kupimia shingoni. Waziri akamsimulia habari yangu yote, mpaka ya yule mtu wa kiwandani. Mama yule aliniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akauliza taratibu:

— Na ile ya mtoto mmeifunga uzi wa rangi gani? Leo hakuna aliyekuja kwangu.

Kinyozi alimwaga kikombe cha flashi juu ya benchi, zote zina uzi: nyekundu, nyeupe, kijani, kijani. Fundi alikuwa akiitazama ile iliyochomekwa kwenye laptopu. Asilimia sitini na mbili.

Alijaribu, siwezi kusema hakujaribu. Alisimamisha kazi, akatafuta vilivyofutwa kwenye flashi, akatafuta kwenye diski, majina ya video yakaja yote matatu, na hakuna hata moja iliyofunguka. Alipochoka akauweka mfumo upya tangu mwanzo. Saa tisa laptopu iliwaka vizuri kabisa, ikaniuliza jina langu.

Sikuandika kitu. Nilimshusha mwanangu, nikampakata, akawa anachezea kifungo cha blauzi yangu, mzima, anacheka. Nikatoa simu, nayo ilikuwa imejaa tena, nikafuta picha za harusi yetu moja moja mpaka nafasi ikapatikana, nikawasha kamera, nikamwelekezea usoni. Birika lilikuwa limekauka na bado hakuna aliyeinuka. Kila siku naomba hali ile isimrudie. Siku hiyo nilikaa nao pale, simu mkononi, nikiisubiri ije.