Benchi Lilivyokwenda Vakansi

Pale Makiso, kwenye kona ya barabara inayoshuka bandarini, palikuwa na benchi refu la mbao nyekundu, na mbele yake birika la kahawa la Angélique. Mabomu ya mwezi wa sita, yale ya majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kugombania mji usio wao, yalitoboa mabati ya majirani wote, lakini benchi lilibaki limesimama. Kila asubuhi walikaa pale watatu. Télesphore, mzee wa mashua kutoka Isangi, aliitwa Amiral, ingawa tangu vita viufunge mto hakuwa na chombo cha kuamuru isipokuwa mtumbwi. Timothée, mwalimu, aliitwa Prof. Alikuwa na methali kwa kila jambo, na haikuwahi kulingana na jambo lenyewe. Wa tatu alikuwa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo, Papa Savon kwa ajili ya sabuni alizouza kwa jumla. Asubuhi ile kahawa ilikuwa haimshuki. Mkewe Émilie alikuwa amemwambia wakati wa chai: "Jumatano ndege ikienda Butembo, mi napanda. Hapa tunakaa tu kungojea mabomu. Mi sikuolewa juu ya kungojea."

Ili asifikirie hayo, Muhindo akatoa mfukoni ukurasa wa gazeti la Kizungu uliokuja umefungia sabuni.

— Prof, soma hii. Hawa bazungu banafanya nini?

Timothée akavaa miwani.

— Vakansi, mapumuziko ya mulima na bahari. Banatembea mu pori muchana yote. Banapanda majiwe na kamba. Banapiga kasia mu mawimbi. Banalala mu hema. Na... attends... na banalipa.

— Banalipwa, Amiral akamsahihisha.

— Hapana. Bao njo banalipa.

Angélique akaacha kumimina.

— Kulala inje?

— Inje.

— Na mvua?

— Iko picha ya mvua hapa. Banacheka.

— Ah bon! Amiral akaruka. Mi nililala inje mu pori ya Masako wakati ya mabomu, mbu zikanikula mupaka masikio, na hakuna mutu aliniambia kama niko mu vakansi!

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Hata Muhindo alicheka.

— Mi naelewa, Prof akasema. Wahenga walisema: milima haikutanake. Donc mulima iko mukiwa. Bazungu iko na huruma, banaenda kuusalimia.

— Na ile fuko kubwa mugongoni? Angélique akauliza.

— Asiye na mutoto abebe jiwe. Ile iko majiwe.

— Majiwe gani! Iko diamant, almasi, Amiral akasema. Angalia: kamba, nyundo, kofia ya chuma. Vakansi iko jina ya kudanganya douane, bale ba forodha.

— Alors mbona banacheka na hawana diamant mu mukono? Angélique akauliza.

Prof akafikiri, akashusha sauti.

— Banajifunza kukimbia. Vita ilikawia kufika kwabo. Banaogopa siku itafika, bakuwe bamesahau namna ya kulala mu pori.

Muhindo akakohoa.

— Baba yangu aliona bale batu, kule Mutwanga. Alibebaka mizigo yabo kupanda mulima ya barafu. Banapanda, vidole inakuwa bluu, banashuka banasema merci. Baba aliuliza: juu munatafuta nini? Bakasema: vue.

— Vue iko nini? Angélique akauliza.

— Kuangalia.

— Kuangalia nini?

— Kule walitoka.

— Yesu! akasema Angélique. Na hapa banaandika "beach". Beach, bandari, bila baleinière, bila mashua ya kupakia? Bila mizigo, bila mutu wa kuomba karatasi?

— Beach ya uongo, Amiral akakata shauri. Sisi njo tuko na ya kweli. Mutumbwi iko. Mayi iko. Majiwe iko, pori iko, mvua, usiniambie. Tunakosa nini?

— Kulipa, Prof akasema.

— Ile tutaiacha.

Muhindo akajisikia anasema, kabla hajajizuia: — Jumapili, misa ikiisha. Na Émilie atakuja.

Angélique akakubali kwa sharti moja: kiuno chake hakiwezi mchanga, benchi liende nao.

Basi Jumapili watu wa Makiso waliona benchi likishuka bandarini begani mwa wanaume watatu waliovaa nguo za kanisa. Émilie alifuata nyuma, mikono kifuani. Alikuja kwa sababu moja tu: kama mume atatia aibu mchana kweupe, afadhali awe karibu apate kumkana vizuri.

Bandarini askari akawazuia kwa bunduki.

— Hii benchi inaenda wapi?

Wakalitua benchi, Muhindo akajibu:

— Vakansi, chef.

Askari akainama, akachungulia chini ya benchi, akaligonga, akalikalia, akahamia upande wa pili akalikalia tena.

— Iko muzuri. Itarudi?

— Jioni.

— Pitisheni.

Amiral akawavusha hadi kwenye kisiwa cha mchanga chenye majabali meusi. Wakaweka benchi, wakala liboke ya samaki waliopikwa ndani ya majani na kwanga ya muhogo, na mvua ikaanza, kama kwenye picha. Muhindo akajifunga kamba kiunoni, Amiral akashika ncha, na Muhindo akapanda jabali. Alifika juu. Akasimama na suti yake, akafungua mikono, akapaza sauti:

— Émilie! Mi naona vue!

— Mupanda ngazi hushuka! Prof akamtia moyo.

Muhindo akashuka mara moja, kwa mgongo, mpaka majini, viatu na tai na vyote.

Wakati huohuo mtumbwi ukatokea mbio kutoka upande wa Yanonge. Ndani alikuwa mama mmoja, Agathe, muuza samaki, amepiga kasia mpaka kifua kinapanda na kushuka.

— Ndugu zangu, pole! Munakimbia bani? Bamefika wapi?

— Hatukimbii, mama, Angélique akamjibu.

— Munavua?

— Hapana.

— Iko kilio? Mutu alizama?

— Hapana, mama.

Agathe akalitazama benchi, akaitazama mvua, akamtazama Muhindo anayetambaa kutoka majini na kamba kiunoni.

— Sasa munafanya nini hapa?

Amiral akakuna kichwa. Prof akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hakuna methali iliyotoka. Muhindo, maji yakimtiririka, akamgeukia mkewe kama anayeomba msaada.

Émilie alijaribu kukaza uso. Akashindwa. Kicheko kilianza tumboni, kikamkalisha kwenye mchanga, kitenge cha Jumapili na yote, akacheka mpaka machozi, akimnyooshea mumewe kidole. Agathe akaanza kucheka naye pasipo kujua anacheka nini, halafu wote.

Jumatano ndege ya Butembo iliruka juu ya kona na hakuna aliyeinua kichwa, maana Émilie alikuwa amesimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, anagombana na Amiral.

— Jumapili ijayo kamba nashika miye! Weye ulimuachilia bwana yangu.

— Mama Émilie, aliteleza!

— Kuteleza gani! Nilikuona. Ulikuwa unacheka na mikono mibili.