Breki Moja, Magurudumu Mawili

Mkunga alikuwa anakwenda kuchukua pikipiki yake ya kwanza, na kiti cha basi kilikuwa hakikaliki kwa furaha. Mbele yake, mzee fundi bomba na mwanamke anayesambaza maziwa, ambao walikuwa hawajuani, walibishania breki za pikipiki zilizounganishwa: ukikanyaga ya nyuma, na ya mbele inashika.

"Mimi nataka kuamua mwenyewe gurudumu lipi lishike," alisema fundi. "Kwenye changarawe, ya mbele ikibana tu, umebusu ardhi."

"Sikupingi, baba, lakini juzi mbuzi alinikatiza njia. Nilikanyaga kwa kiwewe, ya mbele nimeisahau kabisa. Pikipiki ikasimama wima, na maziwa hayakumwagika hata tone."

"Na mbuzi?"

"Alinitazama kwa dharau, akaendelea na safari."

Mkunga aliangua kicheko, wakageuka. "Yangu inazo hizo breki," alikiri. "Niikatae?"

"Ikatae," alisema fundi.

"Thubutu," alisema mama wa maziwa.

Basi likasimama kwenye kituo cha mkunga. Alishuka mbavu zikimuuma kwa kicheko, nao wakimwelekeza dirishani kwa pamoja, fundi akibana vidole hewani, mwenzake akikanyaga sakafu kwa nguvu zote.