Neno Moja kwenye Kadi ya Mkadam

Alasiri hiyo baraza ya Kikwajuni ilikuwa na watu wake walewale: Mcha Redio, ambaye habari haimpiti bila kuiongezea chumvi, Matar Kamusi, aliyewahi kuwa karani wa Waingereza, jambo analolikana mbele ya wageni na kujigamba nalo mbele ya wenyeji, na Kurwa, muuza kahawa. Mkadam, seremala wa majumba mapya ya Michenzani, alifika ameikunja kadi ya hospitali kiganjani. Tangu nduguye Masoud alipoitwa na watu wa usalama kuhojiwa, akaenda, asirudi, usingizi haumjii na moyo unamwenda mbio. Daktari mgeni alimpima, akaandika neno moja la Kizungu: anxiety. Mkadam alitaka kujua kama linaua, kabla hajamwambia mkewe, Mize.

— Lete hapa, akasema Matar, akaisogeza kadi mbali na macho. Ahaa! Hili nnalijua. Enzi za Waingereza tukilitia kwenye barua, tukingoja jibu kwa hamu. Basi una hamu, Mkadam.

— Hamu ya nini?

— Hilo kamuulize daktari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hamu ya mke wa pili hiyo, akacheka Kurwa.

— Mie! Huyo mmoja, sukari yake naipangia foleni tangu alfajiri!

— Nyie hamjui kitu, akadakia Mcha. Nlisikia redioni. Ni maradhi ya matajiri wa Ulaya. Mtu ana gari, ana nyumba, kisha anakaa anatetemeka.

— Mie sina gari, Mcha.

— Ndo hapo! Umeambukizwa. Si unafanya kazi na mafundi wa Kijerumani? Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe wamekuja, umeugua!

Kurwa, aliyekuwa akimmiminia kahawa, akasita. Akatafuta kikombe chenye ufa, akampa hicho. Mkadam alikiona, akaumia. Barazani pale kikombe husuuzwa tu kwenye ndoo kikapita kwa mwengine. Kupewa chako peke yako ni kama kuagwa.

— Linaua? akauliza.

— Kila kitu kinaua, akasema Matar, akijisogeza pembeni. Haraka haraka haina baraka.

— Lilimuua nahodha mzima wa meli, Mcha akaapa. Wallahi alikauka amesimama!

Hapo akapita Shaame, mkulima wa Uroa aliyekuja mjini kumtazama shangaziye. Akatoa salamu, akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba. Akakaa, akasimuliwa yote.

— Samahani, wazee wangu, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka konde hadi konde. Moyo mbio, usingizi hapati... Kwetu sie hiyo ni hofu tu. Sasa, mzee, unaogopa nini?

Matar akaanza kupangusa miwani. Mcha, ajuaye kila kitu, akainama kutazama kiatu chake. Kurwa akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akalifunika dele la kahawa, na lilikuwa bado zito. Mkadam akawatazama mmoja mmoja, na roho ikamtulia kidogo, tena kwa aibu, alipoona kuwa wote wanaumwa anachoumwa yeye.

— Nshachelewa, akasema Matar.

— Na mie nnakwenda, akasema Mcha.

Shaame akashangaa.

— Kwani nimesema nini?

— Hujasema kitu, mwanangu, Mkadam akamjibu. Shusha sauti tu.